Sheikh Amri Abedi wa Ujiji: mshairi aliyetafutia tribinali maneno ya Kiswahili

Karatasi inafika Shasha. Imetoka upande wa Goma ao Masisi, iko na kashe ya buluu na sinyatire chini, na yote imeandikwa kwa Kifaransa. Mwenye jina kwenye ile karatasi ni mlimaji, ao muuzaji wa samaki. Anaigeuza huku na huku, halafu anatafuta kijana aliyefika sekondari. Kijana anasoma vizuri siku na saa. Anafika kwenye neno prévenu. Kwa masomo yake anajua kwamba prévenir ni kuonya, basi anamwambia mzee kwamba wamemuonya tu. Mzee anarudi shambani na roho safi. Kumbe mbele ya tribinali neno lile maana yake ni mshitakiwa, na siku ya kusambishwa wanaweza kumungoja bure na kuendelea bila yeye.

Hatuelezi habari ya mtu fulani. Ni jambo linaloweza kumpata yeyote kati yetu kwenye hii barabara ya Sake mpaka Minova, na ukiuliza wazee wawili watatu watakupa mifano yao. Msikilizaji, leo tunataka kukueleza maisha ya mtu mmoja aliyekaa akifikiri juu ya shida hii, miaka zaidi ya 60 iliyopita, na alikuwa na cheo cha kuifanyia kazi. Jina lake ni Kaluta Amri Abedi. Tanzania wanamwita Sheikh Amri Abedi. Sisi huku wengi hatumjui, na ni ajabu, sababu alikuwa jirani.

Jirani kwa maji, kwanza. Maji ya ziwa Kivu yanayopiga pale chini ya Shasha yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi, yanateremka mpaka Uvira, yanaingia ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa lile, karibu na Kigoma, kuna mji wa Ujiji. Njo pale Amri alizaliwa, mwaka wa 1924.

Ujiji ni mji wa zamani kuliko Kigoma. Dunia inaujua sababu ya Stanley kumkuta Livingstone pale mwaka wa 1871, lakini kwa watu wa kwetu Ujiji ilikuwa zaidi ya hiyo. Ilikuwa kituo cha misafara. Watu waliotoka upande wa Kasongo na Nyangwe, kwenye jimbo tunaloliita leo Maniema, walivuka ziwa wakiwa wapagazi, wafanyabiashara, wengine wakiwa watumwa, na wengi hawakurudi. Walijenga Ujiji, na mpaka leo ukifika pale utawasikia wanaitwa Wamanyema. Kiswahili nacho kilipita njia ileile kwa upande wa pili: kilitoka pwani, kikapumzika Ujiji, kikavuka ziwa kuja Kasongo, na kutoka pale kikasambaa mpaka kwetu. Kwa hiyo mtoto wa Ujiji alikua katika mji ambamo hakuna aliyeuliza kabila lako mbele ya kukusalimia kwa Kiswahili. Ni lugha ya soko, ya msikiti, ya mtumbwi. Ilikuwa pia lugha ya baraza, mahali watu walipomaliza magomvi ya madeni na ya ndoa.

Amri alisoma Ujiji, akaendelea Tabora. Wakati ule Waingereza walikuwa wanatawala Tanganyika kwa niaba ya Shirika la Mataifa, nchi wakiwa wameipokea kutoka mikono ya Wajerumani. Tabora ilikuwa na shule ya serikali iliyojulikana, na ni katika mji huo huo Julius Nyerere alisoma sekondari yake. Lakini kilichomvuta Amri zaidi si kazi ya serikali. Alijiunga na wahubiri wa Ahmadiyya, kundi lililotoka Bara Hindi ambalo Waislamu wengine wengi hawakulikubali, na akawa mhubiri wao. Miaka ya kati ya 1950 alienda Pakistan kusoma zaidi ya dini, akarudi na cheo cha sheikh.

Hapa tusipite haraka, hata kama wewe msomaji ni Mkristo na mambo ya Ahmadiyya hayakuhusu. Mwaka wa 1953 kundi lile lilitoa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, kazi iliyoongozwa na Sheikh Mubarak Ahmad, na Amri alikuwa mmoja wa waliosaidia. Mbele yake kulikuwa na tafsiri ya padiri wa Kianglikana, Godfrey Dale, ya mwaka 1923; na nyuma yake, mwaka 1969, Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar alitoa yake, na hakukubaliana na ile ya Ahmadiyya. Ubishi wao wa dini tuuache kwao. Lakini fikiria kijana anakaa na maandiko ambamo kuna habari za mirathi, mashahidi, talaka, madeni, kiapo, na kila siku anapaswa kuamua: hapa niache neno la Kiarabu, ao niweke neno ambalo mama wa Ujiji analitumia jikoni? Mimi naona shule yake ya sheria ilikuwa pale, miaka kumi mbele ya kuitwa waziri.

Mwaka wa 1954 alitoa kitabu chake mwenyewe. Kinaitwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Angalia lile neno la kwanza. Sheria. Mtu yule hakusema ushauri, hakusema mafundisho. Alichukua ushairi wa Kiswahili, ambao watu wa pwani walikuwa wanautunga kwa sikio na mazoea, akauandikia kanuni: mstari wa shairi uwe na mizani 16, nane huku na nane huku, vina vifuate namna gani, na neno gani halifai. Wanafunzi wa Tanzania wanakijua kitabu hicho mpaka leo, na washairi wa mashairi huru walipokuja baadaye kubishana juu ya vina, walikuwa wanabishana na kitabu chake. Alikuwa na miaka 30 tu.

Siasa ilimchukua baadaye. Aliingia TANU, chama cha Nyerere, na mbele ya uhuru akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, mere sawa tunavyosema sisi. Mhubiri, mshairi, halafu mere. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka wa 1963 Nyerere akamweka Waziri wa Sheria.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe.

Tanganyika ya 1963 ilikuwa na sheria za aina mbili na lugha mbili. Juu kulikuwa mahakama za Kiingereza, na majaji wa kuvaa joho, sheria zilizochapwa kwa Kiingereza, hukumu za Kiingereza. Chini kulikuwa mabaraza ya wenyeji, ambamo machifu na maliwali walisambisha watu kwa Kiswahili na kwa kufuata mila. Mwaka ule wa 1963 serikali ilivunja utawala wa machifu, na bunge likapitisha sheria mpya ya mahakama za mahakimu. Ilianza kufanya kazi mwaka uliofuata. Mabaraza ya zamani yalifungwa, na mahali pao zikawekwa mahakama za mwanzo, zilizounganishwa na zile za juu kwa mnyororo mmoja. Lugha ya mahakama za mwanzo ikawa Kiswahili.

Kwa maneno ni kitu kizuri. Kwa matendo, shida ilionekana haraka. Hakimu wa mahakama ya mwanzo anasikiliza kesi kwa Kiswahili, anaandika kwa Kiswahili, lakini sheria anayopaswa kufuata imeandikwa kwa Kiingereza. Aliyeshindwa akipeleka rufaa, makaratasi yake yanapanda mahali ambapo yatageuzwa kuwa Kiingereza, na hukumu itarudi kwa Kiingereza. Katikati ya kupanda na kushuka, mtu anaweza kupoteza shamba lake sababu ya neno moja. Na lile neno, nani aliyeliamua? Kila mkalimani alikuwa anatafuta lake.

Sheikh Amri aliona jambo ambalo waziri mwenye diploma ya London labda asingeliona haraka. Kwamba hii si shida ya watu wasiosoma. Ni shida ya lugha isiyopangwa, sawa ushairi ulivyokuwa mbele ya 1954. Njo maana, akiwa wizarani, alianzisha mpango wa kutayarisha kamusi ya maneno ya sheria kwa Kiswahili, na Kitivo cha Sheria cha chuo kikuu cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka wa 1961, kikaingia katika kazi ile pamoja na mkuu wake wa kwanza, profesa A. B. Weston.

Walikuta nini mezani? Tuangalie, sababu maneno haya tunayatumia na sisi kila siku bila kuuliza yametoka wapi.

Fungu kubwa lilikuwa Kiarabu. Neno sheria lenyewe, ambalo kwao Waarabu ni sheria ya dini ya Kiislamu. Haki. Wakili. Shahidi. Dhamana. Rufaa. Hati. Jinai. Hakimu, hukumu na mahakama, ambayo yote matatu yanatoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu: anayeamua, kinachoamuliwa, na mahali pa kuamulia. Maneno haya yaliingia pwani miaka mingi sana, pamoja na makadhi waliokuwa wakisikiliza kesi Lamu, Mombasa, Unguja. Yana heshima yake na yamezoeleka. Ila yalikuwa yamebeba mizigo. Wakili kwa mtu wa pwani alikuwa yeyote unayemtuma akufanyie jambo, hata wa kukuozea mchumba. Sasa walitaka awe avoka mwenye diploma. Dhamana ilikuwa neno la biashara, mtu anasimama kwa deni la mwenzake. Sasa ikawa pia njia ya mshitakiwa kungoja kesi akiwa nyumbani kwake. Neno shahidi je? Kanisani kwetu mashahidi wa Uganda ni wale waliouawa sababu ya imani. Tribinalini shahidi ni yule aliyeona ngo'mbe ikivuka mpaka wa shamba. Neno moja, na hakuna anayechanganyikiwa, sababu mahali unaposimama panakuambia maana.

Fungu la pili lilikuwa Kiingereza kilichovaa nguo ya Kiswahili: kesi, korti, faini, jela, jaji. Hapa kulitokea mgawanyo ambao mimi unanifurahisha. Tanzania leo kadhi ni wa mambo ya Waislamu, hakimu ni wa mahakama za chini, jaji ni wa Mahakama Kuu. Maneno matatu kwa kazi moja ya kuamua, moja kutoka kwa dini, lingine Kiarabu cha serikali, la tatu Kiingereza, na kila moja lilipata kiti chake. Kuna pia gereza, ambalo wataalamu wa maneno wanalitoa kwa Wareno: kwao igreja ni kanisa. Jinsi kanisa lilivyogeuka jela ni habari ndefu ya ngome za pwani.

Fungu la tatu lilikuwa maneno yetu ya Kibantu, yale ambayo bibi yako wa kijijini angeyasema: kosa, kuua, kuiba, kulipa, kuamua, mwizi. Kwa kutofautisha mtu aliyeua kwa nia na yule aliyeua bila kutaka, Kiingereza kina maneno mawili tofauti kabisa. Kiswahili kilisema tu kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Ni maneno mengi zaidi, kweli. Lakini hata asiyeingia darasani anaelewa sababu ya mmoja kufungwa miaka mingi kuliko mwingine.

Na nguvu kubwa haikuwa kwenye maneno, ilikuwa kwenye sarufi. Chukua shitaki, mzizi wake Kiarabu. Kiswahili kinaushika na kuuzaa: mshitaki, mshitakiwa, mashitaka, kushitakiana. Ukijua moja unajua yote. Hapo yule kijana wetu wa Shasha asingekosea. Hakuna mtu anayesikia mshitakiwa na kufikiri ni aliyeonywa.

Kuna mtu mwingine duniani aliyefanya kazi ya namna hii, na kulinganisha kunasaidia. Ludwik Zamenhof, daktari wa macho, alizaliwa Białystok mwaka wa 1859, katika mji ambamo Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi kila mtu alikuwa na lugha yake na uadui wake. Mwaka wa 1887, kule Warsaw, alitoa kitabu kidogo cha lugha aliyoitunga yeye mwenyewe, Esperanto. Kilikuwa na mizizi karibu 900 na kanuni 16 za sarufi. Maneno yake ya sheria aliyatafuta kwenye Kilatini na watoto wake: leĝo ni sheria, kulpo ni hatia, tribunalo ni, ndiyo, tribinali. Wabelgiji walituletea neno lilelile kwa njia nyingine. Halafu juu ya mizizi anaweka viungo: juĝi ni kuhukumu, juĝisto ni mwenye kazi ya kuhukumu, juĝejo ni mahali pa kuhukumia. Akuzi ni kushitaki, akuzanto ni mshitaki, akuzito ni mshitakiwa. Umeona? Mzizi wa kigeni, viungo vinavyofuata kanuni, na mtu asiye na shule kubwa anajitengenezea neno. Kile ambacho daktari wa Warsaw alikaa miaka akikibuni, Kiswahili kilikuwa nacho tayari.

Tofauti yao ni hii. Zamenhof alikuwa huru. Lugha yake haikuwa na nchi wala polisi, na kama angechagua neno baya la kosa ao la jela, hakuna ambaye angelala kasho sababu yake. Sheikh Amri alikuwa anachagua maneno kwa ajili ya mahakama zilizokuwa zimefungua milango asubuhi ile ile, na watu wamepanga mistari nje.

Tusimtengeneze malaika, hata hivyo. Mwaka uleule wa 1963 serikali ya Tanganyika ilitoa amri ya kutangaza sheria za mila, juu ya mahari, ndoa, talaka, ulinzi wa watoto na urithi. Ilitegemea utafiti wa Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekaa miaka mingi akikusanya mila za Wasukuma, Wahaya na wengine, na aliyekufa mwaka mmoja mbele yake. Wazo lilikuwa kuwa na mila moja iliyoandikwa, inayoeleweka na hakimu wa wilaya yoyote. Lakini katika urithi iliweka wanawake nyuma ya wanaume, hasa kwa mashamba ya ukoo, na wajane na mabinti wa Tanzania wamepigana nayo mahakamani miaka na miaka. Wale wamama walielewa vizuri kabisa kilichoandikwa. Lugha haikuwa shida yao. Shida ilikuwa kile ambacho sheria ilisema. Wamama wa Masisi wanaogombea mashamba ya waume zao waliokufa watajua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Ila kuna jambo moja. Ili upigane na sheria inayokuonea, lazima kwanza ujue imesema nini. Mama asiyejua kwamba ameporwa na kipengele fulani atafikiri ameporwa na shemeji tu.

Wizara ya Sheria hakukaa muda mrefu. Mwaka wa 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, alikuwa amehamishwa kwenye Wizara ya Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Mtu anaweza kuona ni cheo kilichomfaa mshairi. Mimi nasikitika kidogo, sababu kamusi ilikuwa bado. Halafu akaugua. Alipelekwa Ujerumani ya Magharibi kwa matibabu, na kule alifariki tarehe 9 Oktoba 1964. Alikuwa na miaka 40. Siku 20 baadaye nchi yake ilichukua jina la Tanzania, jina ambalo yeye hakulitumikia hata siku moja.

Kazi ilibaki kwa wengine. Mwaka wa 1967 serikali iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka wa 1968 Kitivo cha Sheria kikatoa kitabu cha istilahi za sheria, chini ya Weston. Kitabu chenyewe si kikubwa. Mahakama za juu ziliendelea na Kiingereza chao miaka mingi sana. Mahakimu na majaji walisikiliza watu wakilia kwa Kiswahili na wakaandika machozi yale kwa Kiingereza. Ilifika mwaka wa 2021, miaka 57 tangu Sheikh Amri kufa, njo bunge la Tanzania likabadilisha sheria na kusema kwamba lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Wanaosema kwamba lugha ya Kiafrika inahitaji muda wako na haki, lakini muda ule haukuwa wa lugha. Maneno yalikuwa yameshakaa kwenye kitabu. Waliokuwa hawajawa tayari ni wenye kalamu.

Jina lake leo limebaki zaidi kwenye mpira. Uwanja mkubwa wa Arusha unaitwa Sheikh Amri Abeid, na vijana wengi wanaoingia pale kuangalia mechi hawajui alikuwa nani. Kwa bahati, Arusha ni mji huohuo ulio na Mahakama ya Afrika ya Mashariki, ile ya jumuiya ambayo Kongo iliingia mwaka wa 2022. Lugha ya kazi ya mahakama ile ni Kiingereza.

Na kwetu? Turudi Shasha na ile karatasi.

Sisi tulirithi Kifaransa cha tribinali, na hatujapata Sheikh Amri wetu. Tuna Kiswahili cha sheria, lakini kimetawanyika. Tunasema kusambisha, ambalo limetoka kwenye Lingala. Tunasema juji, avoka, parke, kasho, lamande, pe-ve, vyote kutoka Kifaransa. Kanisani na kwenye radio tunasikia hukumu, mashitaka, wakili, shahidi. Mtu wa Walikale na mtu wa Uvira wanaweza kuita karatasi moja kwa majina mawili. Hakuna ubaya mtu kusema avoka badala ya wakili, hata Dar es Salaam wana jaji wao wa Kiingereza. Ubaya unaanza pale ambapo aliyeandika karatasi anajua maana na aliyepewa hajui.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 haikunyamaza. Kipengele cha 1 kinasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Kipengele cha 142 kinaitaka serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa kwake. Jiulize mwenyewe ni sheria ngapi umeziona kwa Kiswahili tangu mwaka ule. Kipengele cha 18 ndicho cha kushika kichwani: mtu yeyote anayekamatwa lazima aelezwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake na kila mashitaka juu yake, katika lugha anayoielewa. Ni haki, si fadhili ya polisi.

Kwa wanaopata makaratasi, haya ni machache ya kuanza nayo. Convocation ni mwito: unaitwa ufike siku na saa fulani, haijasema bado kwamba una kosa. Prévenu ni mshitakiwa. Plaignant ni mshitaki, yule aliyelalamika. Témoin ni shahidi. Mandat d'amener ni amri ya kukuleta, hata kwa nguvu. Caution ni dhamana, na mbele ya kuilipa dai karatasi ya kupokelea. Appel ni rufaa, na ina siku zake zinazohesabiwa, kwa hiyo ukishindwa usilale nayo nyumbani: uliza siku ileile ni mpaka tarehe gani. Na kama hujaelewa neno lililosomwa mbele yako, usitie sinyatire ao kidole kwenye pe-ve. Omba kwanza isomwe tena kwa Kiswahili, polepole, mpaka mwisho.